Samaki Mubaya Kwanza

Siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa tatu

Kitunga ya samaki kavu ya Tchomia, kule ziwani, imefika saa mbili ya asubui. Samaki mbili zimevunjika mugongo, moja imeungua mukia. Ile ya mukia imenifurahisha. Bila samaki mubaya sina video.

Nimeanza nayo, kama kila siku. Dorcas, binti yangu, alishika telefone, mi nikashika samaki. Tazameni, mukia imekuwa makaa, hii siuzishi, hii tutaila siye wenyewe hapa Ngezi. Kisha nikachukua kapitene muzuri, ile samaki kubwa ya ziwa, nikaivunja karibu na telefone. Kra! Samaki yenye ilikaushwa pole pole inalia. Yenye ilipitishwa moshi mbio mbio inajikunja tu sawa kitambaa ya kupangusa meza. Siku hizi wateja wanangojea ile kra kuliko uso yangu. Sawa. Uso yangu haiuzishwe.

Kisha majina. Wenye waliniandikia jana ninawaita mumoja mumoja, na kila mutu ninamujibu kwa neno lake. Mwenye mutoto alikuwa na malaria, nauliza mutoto. Mwenye alisema chumvi ilizidi, namuambia ni kweli, ilizidi. Hakuna mutu alinifundisha. Miaka saba nilizunguka mutaa wa Ngezi, hapa Bunia, na beseni kichwani, na kwa kila mulango nilianza na habari ya ule mulango. Samaki ilikuja nyuma. Telefone ni ile beseni. Tofauti ni kwamba haiumize shingo.

Koko Régine, bibi mumoja muzee wa hapa mutaani, alituma sauti mbele ya kunywa chai, desturi yake: "We mutoto, samaki yako ya juzi ilikuwa na miiba mingi kuliko mashemeji yangu! Leta ingine." Kuandika hajui, anasemaka tu. Yeye ndiye mulango wa kwanza kuninunulia, siku nilikuwa bado naona haya kuita watu. Alinitoa haya kwa matusi.

Na habari kubwa: Mama Kavira, mwenye duka ya vitenge, ametaka vitunga tatu vya kapitene kubwa kwa harusi ya binti yake, siku ya posho, tarehe 8. Vitunga tatu! Nimetuma neno Tchomia mara moja.

Siku ya pili, 4

Dorcas ameniletea telefone na uso ya mutu mwenye ameona nyoka.

Maman Bijou ametoa video. Bijou ni ule mwenye depo ya samaki na friji kubwa kwa barabara. Yeye mwenyewe haonekane. Ameweka musichana mumoja muzuri, nywele mupya, taa ya mviringo inangaa mbele yake. Musichana anashika samaki yenye imeungua: "Tazameni, hii siuzishi, hii tutaila siye wenyewe."

Maneno yangu. Hata "siye wenyewe." Kwa Bijou wanakula kuku, Bunia yote inajua.

Kisha anavunja kapitene. Nilisogeza sikio. Samaki ilijikunja, na kra ikakuja nyuma kidogo, wakati mikono ilikuwa imekwisha kusimama. Tukarudisha video. Kisha kra, jogoo anawika. Jogoo ya jirani yangu! Ile mwenye sauti ya kukauka, mwenye anawikaka hata kama ni saa sita ya muchana. Wameiba sauti ya video yangu, mpaka jogoo.

Kisha majina. "Papa Dieudonné, mutoto amepona?" Papa Dieudonné aliniandikia mimi, si yeye. Musichana anasoma majina yote ya video yangu ya jana, anacheka, anapita kwa ingine. Hangojee jibu. Kama mutu mwenye anapiga hodi na anakimbia.

Nilicheka. Hasira ilikuja kisha, wakati nilikuwa napepeta muchele. Nikamwanga nusu yake chini.

Siku ya tatu, 5

Nimepiga hesabu, juu hesabu inanituliza. Mi nafuatwa na watu elfu moja na mia mbili. Jana waliniandikia thelathini na nane. Yaani watatu kwa mia. Bijou iko na elfu tisa na mia ine, na waliomuandikia ni makumi sita. Hata mumoja kwa mia haifike. Nikasoma zile makumi sita zote. Mama mumoja anauliza samaki ya mutoto mwenye hajaota meno. Mwingine anasema ameletewa iliyooza. Ngapi wamejibiwa? Sifuri. Hata moyo mwekundu hakuna.

Ilinituliza mpaka saa ine. Saa ine mesaje ya Mama Kavira ikaingia:

"Mama Dorcas, usikasirike. Wamama wa kanisa wanasema ni weye unamukopia Bijou, juu yeye iko na watu mingi. Mi siwezi kupikia wakwe samaki ya mutu mwenye anaigiza wengine. Nimekwenda kwa Bijou. Ubarikiwe."

Ubarikiwe!

Nilimuandikia Bijou kwa pembeni, kwa adabu. Mama, zile maneno ni zangu, yule jogoo ni wa jirani yangu, majina ni ya watu wangu, uache. Ameisoma. Amejibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu, kimoja.

Ninaandika wazi ili mutu mumoja aijue, hata kama ule mutu ni mi mwenyewe. Sina friji. Sina depo. Sina taa ya mviringo. Niko na jina tu, na ile jina ndiyo duka yangu. Kama Bunia inaamini kwamba mi ndiye kivuli na Bijou ndiye mutu, imekwisha. Nirudi kwa beseni, na shingo yangu haikubali tena.

Vitunga tatu viko tayari njiani. Hakuna namna ya kuvirudisha.

Siku ya ine, 6

Yaya Aline, dada yangu mukubwa, amekuja na mashauri. Ameketi, amekunywa chai yangu, amefungua mudomo. Nibadilishe. Niache samaki mubaya, watu wamechoka na samaki mubaya. Niweke muziki. Nipake rangi kwa mudomo. Nicheze kidogo.

"Yaani mutu akiiba kitenge yangu," nikamuambia, "mi ndiye nitembee bila kitenge?"

"Weye kichwa ngumu tangu utoto."

"Na weye chai yako imeisha."

Alicheka, akaongeza sukari kwa kikombe kitupu, akangojea nimumiminie.

Mi siache. Ile namna nimeitoa kwa miguu yangu, mulango kwa mulango, mvua, vumbi, mbwa ya watu. Bijou aliiokota akiketi tu kwa kiti. Mwenye ataacha ni yeye.

Vitunga vimefika. Kapitene kubwa, kavu, muzuri sana, mpaka nilitafuta mubaya nikakosa. Nilifungua vitunga vyote tatu mbele ya kupata moja yenye jicho imeingia ndani. Nikaanza nayo. Kra. Kisha majina. Koko Régine alikuwa ametuma sauti kwamba mugongo imekataa kuamuka kitandani, na kwamba kosa ni ya samaki yangu. Mugongo yake inauma tangu wakati wa beseni, na kila mara kosa ni yangu. Nikamujibu mbele ya watu wote, kwa ile namna yetu:

"Koko Régine, mugongo inauma lakini mudomo hapana! Amuka, harusi ziko, nani atacheza kama weye unalala?"

Alirudisha sauti ya kicheko tu. Kicheko, kukohoa, tena kicheko. Nimeiweka.

Siku ya tano, 7

Sauti ya Koko haikuingia asubui.

Chai ilipita. Nikatuma "Koko, leo umenisamehe?" Hakuna. Mutu mwenye anasemaka kila siku akinyamaza, hapana kungojea. Nikaacha samaki kwa Dorcas, nikapanda kwake kwa miguu.

Mikeka ilikuwa tayari inje. Wamama wameketi, vitenge kwa mabega. Nikaelewa mbele ya kufika kwa mulango. Koko alituacha alfajiri. Mama Furaha, binti yake, alinishika mukono, akaniketisha kwa mukeka.

Hakuna video leo. Siku yenye kuko matanga kwa mulango mumoja ya wangu, sitoe video. Ilikuwa vile na beseni, iko vile na telefone. Nilirudi nyumbani mara moja tu. Nilichukua vile vitunga tatu vya harusi, nikavipakiza kwa pikipiki, nikavipeleka kwa jikoni ya matanga. Watu watakuwa mingi, Koko alijuana na Ngezi yote. Kwa jikoni wamama walivunja kapitene, kra, kra, kra, na mumoja akaanza kulia juu ya ile sauti.

Saa tisa ikapita kidogo. Kijana mumoja nyuma ya mikeka alikuwa anatazama telefone. Ikatoa sauti kubwa, muziki ya kucheza, na juu ya muziki:

"Koko Régine, mugongo inauma lakini mudomo hapana! Amuka!"

Watu wa mikeka wakatafuta ile sauti inatoka wapi. Kisha nyuso zote zikanigeukia mimi. Zote. Juu wengi walikuwa wamesikia zile maneno jana, na jana zilikuwa zangu.

Sijaona baridi vile tangu nizaliwe. Niliona Mama Furaha anasimama, nikafikiri: sasa ananifukuza kwa matanga ya Koko, na iko na haki.

Alimunyanganya kijana telefone. Akatazama. Akaigeuza ili watu waone: ule musichana, ile taa, jina ya depo ya Bijou pale juu.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Huyu mama yangu alimujua wapi?"

Kijana akanyosha mukono atake telefone yake, Mama Furaha akaizuia.

"Mama alikuwa anasema na Mama Dorcas. Mi ndiye nilikuwa namushikia telefone kila asubui. Jana alimuambia yeye mugongo, na yeye akamujibu, na mama akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo kicheko yake ya mwisho." Akarudisha telefone kwa kijana. "Huyu sijui ni nani."

Akaja akaketi karibu yangu. Akaniegemea. Kutoka pale, hakuna mutu wa ule mukeka atasema tena nani anakopia nani. Niliitaka ile kitu tangu siku ya tatu. Nikaipata pale, na kwa matanga singeweza kuipokea na mikono mbili.

Wapwa wa Koko walitaka kwenda kuvunja friji za Bijou. Wazee wakawakataza. Mi sikusema kitu. Naongopa. Kimoyo nilisema: vunjeni.

Siku ya posho, 8

Tumemuzika. Vumbi mingi, watu mingi, pasta alisema marefu. Koko angemukata katikati.

Kisha mazishi Yaya Aline alinivuta nyuma ya nyumba. "Leo. Fanya video leo. Sema yote. Bunia nzima inangojea. Leo unamuzika Bijou naye."

Nilikwenda nyumbani, nikafungia Dorcas inje, nikasimamisha telefone kwa mukebe ya maziwa, nikasema. Kila kitu. Jogoo. Kidole gumba. Mama mwenye mutoto bila meno, mwenye hajajibiwa mpaka leo. Samaki ya kujikunja. Kuita maiti kwa muziki. Sikurudia hata neno moja, ilitoka yote kwa mara moja, sawa maji yenye imevunja bomba. Nikaitazama. Ilikuwa video muzuri kuliko zote nimefanya kwa maisha yangu. Ninaiandika hapa kwa sababu hakuna mutu mwingine ataijua: ilikuwa muzuri sana sana.

Kidole ilikuwa tayari juu ya kifungo ya kutuma. Mesaje ya Mama Furaha ikaingia. "Dada, aksanti kwa samaki. Watu wanapitisha jina ya mama kwa kila groupe, wanacheka, wanatukana. Weye usiipitishe. Nakuomba."

Nikamuita Yaya Aline. "Basi toa jina," akasema. "Sema tu 'koko mumoja'."

Koko mumoja! Hajawahi kuwa koko mumoja. Kama ninamufanya koko mumoja, mi na Bijou tofauti iko wapi?

Nikafuta. Nikabaki natazama ukuta. Nikatukana ukuta.

Saa kumi Mama Kavira ameandika. Kwanza pole ya musiba. Kisha samahani, mama, sikujua, watu walinidanganya. Kisha: samaki ya kapitene bado iko? Harusi imeanza na ile ya Bijou hailike.

Nilijibu: "Imekwisha, mama. Iliwafaa watu wa matanga. Ubarikiwe."

Ile "ubarikiwe" niliiandika pole pole, herufi kwa herufi.

Samaki ya Bijou ilikuwa namna gani kwa ile harusi, sijauliza. Naongopa tena. Niliuliza watu watatu. Walisema wakwe walitafuna sawa wanatafuna kamba ya viatu.

Siku ya Mungu, 9

Kanisa. Wamama wenye walisema nakopia wamenisalimia kwa mikono mbili. Nimewarudishia mumoja tu. Walisikia.

Bijou amefuta ile video. Hakuomba musamaha kwa mutu. Kwa video yake leo kuko muziki na bei, basi. Elfu tisa na mia ine bado wanamufuata. Hakupunguka hata mumoja. Nilitazama mara mbili, nikifikiri nimesoma mubaya.

Mi nimeongeza kumi na moja. Nitajifunza majina yao.

Siku ya kwanza tena, 10

Kitunga kidogo kutoka Tchomia. Nilifikiri asubui yote nifanye namna gani leo. Aline alitaka nianze na neno kali. Dorcas alitaka tuimbe.

Nimeanza na samaki mubaya. Tilapia, imepasuka tumbo, wadudu wamekwisha kuingia. Nikaonyesha wadudu. Tazameni, hii siuzishi, na hii hata siye hatuile. Kisha ile muzuri, kra. Jogoo akawika. Nikamuacha awike.

Kisha majina. Niliita wote, na wale kumi na moja. Mahali pa Koko nilinyamaza kidogo, kama vile mutu anapita mbele ya mulango yenye imefungwa na anatembea pole pole. Sikusema jina. Wenye wanajua walijua. Kisha nikasema na yule mama wa mutoto bila meno. Alikuwa ameuliza kwa Bijou, si kwangu, lakini swali yake iko palepale bila jibu, na mi najua jibu. Mama, chemsha kapitene, toa miiba na vidole, si na kijiko, kijiko inaacha ile midogo, kisha uponde na muchuzi yake. Chumvi hapana. Kama Bijou anaona namuibia wateja, aje aandike. Nitamujibu.

Muchana mesaje moja ikaingia kwa pembeni, ya mutu mwenye simujue. Picha yake kidogo, nywele mupya.

"Mama, jambo. Mi ndiye musichana wa video ya Maman Bijou. Jina yangu Sifa. Alikuwa ananipatia karatasi, ananiambia soma, mi nasoma. Nilizani yale majina ni ya kupamba tu, sawa muziki. Sikujua ni watu. Mama, pole sana ya koko."

Niliisoma nikisimama. Nikaiweka telefone kwa meza. Nikafagia magamba, nikafunga kitunga, nikarudi.

Sawa muziki. Amesema kweli, ndiyo ile Bijou alifanya.

Nilikuwa na majibu mingi, zote kali. Mbili zilikuwa muzuri. Lakini ameniandikia, na mwenye ananiandikia namujibu kwa neno lake. Sasa neno lake ni gani? Hana neno, alisoma tu za wengine.

Nikaandika: "Sifa, jambo. Aksanti kwa kusema. Na weye, kwenu ni wapi?"

Alikawia. Niliona anaandika, anaacha, anaandika.

"Kwa kijiji ya Bule, mama. Mama yangu alibaki kule. Macho inamusumbua, haone tena muzuri."

Kesho nitauliza macho. Si kwa video.